Kuota Huku Ukijua Kwamba Unaota: Ndoto ya Utambuzi, Jinamizi na Dhamiri ya Mkristo

Mwishoni mwa msimu wa korosho, baada ya Misa Takatifu katika kigango kimoja cha Kibuta, wilayani Kisarawe, mama mmoja alinisubiri chini ya mwembe. Hakuja kuungama. Alikuja kuuliza, naye ameniruhusu nisimulie swali lake bila kumtaja jina. Kwa miezi kadhaa, karibu na alfajiri, alikuwa akizinduka asiweze kuinua hata kidole, na juu ya kifua chake alimwona wifi yake ameketi, yule aishiye nyumba ya tatu kutoka kwake. Alikwisha kwenda kwa mganga, akalipa, akathibitishiwa kile alichokuwa amekwisha kukiamini. Tangu siku hiyo mawifi hao hawasalimiani, watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja, na Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo wanamosali imegawanyika pande mbili.

Lakini kilichomleta kwangu ni jambo jingine. Usiku wa mwisho, akiwa amekandamizwa vilevile, alitambua ghafla kwamba anaota. “Padre, nilijua kabisa. Nikamwambia, wewe si wifi yangu. Akayeyuka kama moshi. Sasa nimetenda dhambi, au nimepewa karama?”

Nilimjibu kwamba si dhambi, wala si karama ya pekee; ni uwezo wa kawaida wa akili ya mwanadamu, ambao wengi tumeuonja mara moja au mbili bila kuupa jina. Makala haya ni jibu lile lile, kwa urefu zaidi, kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wa VIWAWA ambao, nimegundua, wanajifunza mambo haya kwenye simu zao na hawana wa kuwaongoza.

Jambo lenyewe

Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka kwa hali hii. Hapa nitaiita ndoto ya utambuzi, yaani ndoto ambamo mwotaji, akiwa bado usingizini, anajua kwamba yale anayoyaona ni ndoto. Pengine ujuzi huo huishia hapo, naye huendelea kutazama kama mtu atazamaye mto unavyopita. Pengine huweza pia kuchagua: kugeuza njia, kusimama badala ya kukimbia, kumwuliza swali anayemfukuza. Kutambua na kutawala ni mambo mawili, na la kwanza hutokea mara nyingi zaidi kuliko la pili.

Si jambo geni. Aristoteli, zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, aliandika kwamba mara nyingi mtu alalapo kuna kitu ndani yake kinachomwambia kuwa kinachoonekana ni ndoto tu. Daktari Mholanzi Frederik van Eeden aliziandika ndoto zake kwa miaka mingi, na mwaka 1913 akaipa hali hii jina ambalo wataalamu wa Ulaya wanalitumia hadi leo. Hata hivyo wanasayansi wengi waliendelea kutilia shaka, wakisema kwamba mtu wa namna hiyo bila shaka alikuwa ameamka kidogo bila kujijua.

Shaka hiyo iliondolewa kwa njia ambayo mimi huiona nzuri sana. Tangu mwaka 1953 ilijulikana kwamba ndoto zilizo dhahiri zaidi huja katika kipindi cha usingizi ambapo mwili umelegea kabisa, lakini macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Kipindi hicho hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na huwa kirefu zaidi kadiri asubuhi inavyokaribia. Ikiwa macho hayafungwi na ulegevu huo, mwotaji aweza kuyatumia kama kengele. Mnamo Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley kwamba akitambua anaota apeleke macho kushoto na kulia kwa idadi waliyopatana. Alama zikaja, na vipimo vya ubongo vikaonyesha kwamba mtu yu usingizini. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, alifikia matokeo yale yale kwa njia yake mwenyewe. Na mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitangaza kwamba wamefaulu kuwauliza waotaji hesabu ndogo, kama nane kutoa sita, na baadhi yao wakajibu kwa macho bila kuamka.

Si jambo la watu wachache pia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za miaka 50, ulikadiria kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watu wamewahi kuota hivyo angalau mara moja maishani.

Kuhusu jinamizi

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu katika vigango vyetu watu hawaji kuniuliza juu ya van Eeden. Wanakuja na jinamizi.

Ulegevu wa mwili niliokwisha kuutaja ni zawadi. Bila huo tungetenda kila tunachokiota, na wengi tungeanguka kitandani kila usiku. Lakini mara nyingine akili huzinduka kabla ulegevu haujaondoka. Mtu anakiona chumba chake, anaisikia mvua juu ya bati, ila hawezi kusogea wala kupiga kelele. Pumzi, ambayo katika usingizi wa namna hiyo huwa fupi, anaihisi kama mzigo kifuani. Na kwa kuwa ndoto haijazimika, ubongo wenye hofu humtafutia mkandamizaji sura: mwizi, bibi aliyefariki, jirani waliyegombana naye. Hali hii hudumu sekunde chache hadi dakika chache, na kwa yenyewe haidhuru mwili. Hupenda kuwajia wasiolala vya kutosha, wanaolala chali, na wenye mahangaiko mazito.

Kumbukeni yaliyotokea Pemba mwaka 1995, habari za Popobawa zilipoanza, zikavuka hadi Unguja na kusikika hata upande wetu wa bara. Watu walieleza kwamba wamekandamizwa vitandani usiku, wasiweze kupiga ukelele. Familia nzima zilihama vyumba na kulala nje, zikiwa zimekusanyika kuzunguka moto. Wapo walioshambuliwa kwa kushukiwa tu. Watafiti kadhaa wameona jinsi masimulizi hayo yanavyofanana na jinamizi, nami sidhani kwamba kusema hivyo ni kuwadharau waliopatwa. Hofu yao ilikuwa ya kweli kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaeleza mapema kinachoweza kuupata mwili wa mwanadamu kati ya usingizi na kuamka, kabla hofu haijajitafutia mshitakiwa.

Yako pia mambo ya hospitali. Homa ya malaria huzaa ndoto kali. Efavirenz, dawa iliyotumiwa kwa miaka mingi na ndugu zetu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, inajulikana kwa kuleta ndoto nzito na za kutisha, hasa katika majuma ya kwanza, na wapo waliodhani wamerogwa hali maelezo yalikuwa ndani ya kopo la vidonge. Anayepatwa na ndoto za namna hiyo baada ya kuanza dawa yoyote amweleze mtoa huduma wa kliniki yake. Asiache dawa kwa shauri la mganga, wala la “nabii”, wala la padre.

Sasa mtaona mama wa Kibuta alifanya nini. Katikati ya jinamizi alijiambia kwamba hili ni jinamizi. Alitambua, na utambuzi huo ukaivunja hofu. Wale wenye jinamizi la mara kwa mara huwashauri jambo hilo hilo: usishindane na mwili wote, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, vuta pumzi taratibu, litaje Jina la Yesu moyoni, na ujikumbushe kwamba hali hii inapita.

Kanisa limesema nini

Waamini wengi hushangaa kusikia kwamba walimu wa Kanisa waliijua ndoto ya utambuzi. Mtakatifu Augustino, katika barua kwa rafiki yake askofu Evodi, anasimulia habari za Genadi, tabibu wa Kartago mwenye huruma kwa maskini, ambaye ujanani alitilia shaka kama kuna uhai baada ya kifo. Genadi aliota kijana mmoja akimpeleka kwenye mji wenye nyimbo tamu. Alipoamka alipuuza, akasema ni ndoto tu. Usiku mwingine kijana yule alirudi, akamwuliza kama anamkumbuka, na kama lile la kwanza aliliona akiwa macho au usingizini. Usingizini, akajibu Genadi. Kijana akamjulisha kwamba hata sasa yu usingizini, kisha akamwuliza mwili wake uko wapi. Kitandani, akajibu. Basi macho ya mwili yamefumba kitandani; je, ni macho gani yanayoniona mimi? Genadi alikosa la kusema, na kutokana na kukosa huko aliongozwa kukubali kwamba mwanadamu hamalizikii katika viungo vyake.

Tazameni jinsi Augustino anavyoitumia habari hiyo. Hasemi kwamba kila ndoto ni ufunuo, wala hamfanyi Genadi kuwa nabii. Ndoto ilimpa tabibu swali, na swali likampeleka kwenye kufikiri.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Muhtasari wa Taalimungu, anakubali wazi kwamba mtu aweza kuhukumu, akiwa bado amelala, kuwa anachokiona ni ndoto. Anaongeza kwamba hutokea hasa kuelekea mwisho wa usingizi, na kwa watu wenye kiasi. Bila mashine yoyote aliiona ile saa ya alfajiri ambayo maabara zimeithibitisha. Lakini anatia pia tahadhari: hukumu ya aliyelala haiwi huru kikamilifu, na mtu akijenga hoja usingizini, aamkapo hukuta ina kasoro mahali fulani. Kila mwanaseminari aliyewahi kuota amepata jibu la mtihani wa falsafa, akaamka na kulisoma alichoandika gizani, atakuwa shahidi wa Thoma.

Kutoka hapa twapata jibu juu ya dhambi. Dhambi ya mauti hudai ujuzi kamili na ridhaa ya makusudi. Katika ndoto ya kawaida hakuna hata kimoja, kwa hiyo vijana waache kujitesa kwa mambo waliyoyaota. Katika ndoto ya utambuzi kuna ujuzi kiasi na utashi kiasi, na kwa kadiri hiyo, si zaidi, mtu huanza kuwajibika. Uzito mkubwa uko mchana. Anayepanga akiwa macho, kwa hiari, kujifunza jambo hili ili apate usiku yale ambayo dhamiri yake inamkataza mchana, huyo amekwisha kuchagua kabla hajafumba macho. Nalisema wazi kwa sababu ndilo jambo ambalo mafundisho mengi ya kwenye simu huwavutia nalo vijana.

Jambo la pili ni marehemu. Desturi za kutambika bado ni hai huku kwetu, na nimeulizwa kama mtu anayejua kuota kwa utambuzi anaweza kumwita babu yake aliyefariki na kumwuliza mambo ya shamba. Augustino anatusaidia tena. Katika kitabu chake juu ya kuwajali wafu anaeleza habari za Eulogi, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa akifundisha Kartago. Eulogi alikwama kwenye kifungu kigumu cha Cicero ambacho angepaswa kukifundisha kesho yake. Usiku akamwota Augustino akimweleza maana ya kifungu hicho. Wakati huo Augustino mwenyewe alikuwa Milano, ng'ambo ya bahari, hajui lolote kuhusu kifungu wala shida ya Eulogi. Ikiwa aliye hai aweza kuonekana katika ndoto ya mwingine bila kwenda wala kujua, asema Augustino, kwa nini tudhani kwamba marehemu anapoonekana ndiye aliyekuja?

Kwa hiyo babu utakayemwita usingizini ni babu wa kumbukumbu zako. Kumwona na kufarijika ni sawa. Kumtafuta kama mtabiri ni kurudi kwenye uaguzi ambao Maandiko Matakatifu na Katekisimu ya Kanisa Katoliki vinaukataza, tena kwa babu ambaye hajui bei ya korosho ya mwaka huu.

Na habari ya Eulogi inamhusu pia yule wifi. Augustino hakwenda Kartago usiku ule. Wifi wa Kibuta hakutoka nyumbani kwake. Sura ya mtu katika ndoto yako si ushahidi dhidi yake, hata ikija mara kumi, hata ikithibitishwa na mganga aliyelipwa.

Je, Mungu hasemi katika ndoto? Amesema: kwa Yosefu mwana wa Yakobo, kwa Danieli, kwa Yosefu mchumba wa Maria. Kwa Sulemani pia kule Gibeoni, ambaye hata alichagua hekima akiwa usingizini. Thoma anafafanua kwamba hakustahilishwa na chaguo la usingizini. Alitangaziwa tu jibu la tamaa aliyoishi nayo akiwa macho. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyejifunza ufundi wa kuipata ndoto hiyo. Papa Gregori Mkuu, baada ya kutaja vyanzo sita vya ndoto, kuanzia tumbo lililoshiba na tumbo lenye njaa hadi ufunuo, anamtaja mtu aliyeamini sana ndoto, akaahidiwa humo maisha marefu, akajiwekea fedha nyingi, na akafa ghafla kabla hajaitumia.

Namna ya kujifunza, kwa anayetaka

Nilijaribu mwenyewe wakati wa masika moja, nikitaka kujua ninachokisema. Hatua ya kwanza ni daftari na kalamu kando ya kitanda. Kila uamkapo, kabla ya kusogea au kushika simu, kumbuka ulichoota na ukiandike, hata kama ni maneno matatu. Majuma mawili ya kwanza nilikuwa na kurasa karibu tupu. Kisha ndoto zikaanza kubaki. Daftari hufundisha jambo moja kubwa: ndoto zako zina alama zinazojirudia. Yangu ilikuwa kuchelewa Misa.

Ya pili ni kujizoeza mchana kuuliza kwa dhati, mara kadhaa kwa siku: je, sasa ninaota? Usijibu harakaharaka. Soma maandishi, tazama pembeni, yasome tena. Katika ndoto mara nyingi hubadilika. Au ziba pua kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi kwa pua. Katika ndoto hewa huweza kupita. Mazoea ya mchana hufuata usiku.

Ya tatu, ambayo LaBerge aliieneza, ni kuweka nia. Ukizinduka kutoka ndotoni baada ya takriban saa tano za usingizi, kaa macho dakika chache, ikumbuke ndoto uliyotoka, jione ukiwa ndani yake ukitambua kuwa ni ndoto, kisha lala ukirudia moyoni kwamba nitakapoota tena nitakumbuka kuwa ninaota. Utafiti wa Denholm Aspy nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2017, uliunganisha njia hizi kwa juma moja na kupata mafanikio ya takriban asilimia 17. Asiyefanikiwa mwezi wa kwanza asijione ana kasoro.

Mimi nilifaulu mara moja tu kwa uhakika. Nilikuwa mimbarini nikisoma Injili, nikainua macho, na nilipoyarudisha kitabuni herufi zilikuwa zimegeuka. Nikajua. Furaha ilikuwa kubwa hata ikaniamsha, kosa la wanagenzi wote. Wenye uzoefu hushauri kusugua viganja vya mikono ndotoni na kutulia. Lakini nikiri na hili: katika majuma yale nilipiga miayo kwenye Misa ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na katekista akaniuliza kama ninaumwa. Nikaacha kuamka usiku. Usingizi aliotujalia Mungu una kazi yake, na anayeukatakata kila siku ataulipa. Dereva wa bodaboda au wa basi asijaribu hatua hii ya tatu kabisa. Asijaribu pia mwenye maradhi ya akili yanayomfanya asitofautishe yaliyomo na yasiyokuwapo, wala mtoto.

Kwa mwenye ndoto mbaya inayojirudia kuna njia nyepesi zaidi, inayotumiwa na waganga wa akili, isiyodai kuamka usiku. Andika ndoto hiyo mchana. Badilisha mwisho wake upendavyo. Kisha kwa dakika kumi au ishirini kila siku pitia moyoni ndoto mpya, si ile ya zamani. Naongeza Sala ya Usiku ya Liturujia ya Vipindi, ambayo kwa karne nyingi imeambatana na utenzi wa Kilatini *Te lucis ante terminum*, ambao humwomba Mungu atuepushe na ndoto mbaya na vivuli vya usiku. Sala hiyo si hirizi. Humlaza mtu mikononi mwa Mungu, na anayelala bila hofu hukandamizwa mara chache zaidi.

Mama yule nilimwomba mambo mawili. La kwanza, alale ubavu, na aache kukesha akisubiri mchawi. Hilo lilimchukua majuma matatu. La pili lilichukua muda mrefu zaidi: kwenda nyumba ya tatu kubisha hodi. Alikwenda Jumamosi moja jioni, na mihogo mibichi kwenye beseni kichwani, na wifi yake alipofungua mlango, kwa muda mrefu hakuna aliyejua aanze na neno gani. Kisha wifi akalipokea beseni.